Ardhi Ipimwe Mabomu Kwanza, Ndipo Msingi Uchimbwe

Najua wengi wenu mwafungua kurasa hizi mkitafuta vitendawili na vichekesho. Viko huko mbele, havitoroki. Nawaomba kwanza dakika chache tuzungumze juu ya jambo ambalo hapa Isiolo kila mtu analijua na hakuna anayelipangia: mabomu yaliyolala ardhini bila kulipuka, na sisi wananchi tunaochimba juu yake.

Hebu angalieni mji wetu. Tangu uwanja wa ndege ufunguliwe mwaka 2017, na tangu barabara ya lami ifike Moyale, kila mtu anajenga. Anayekosa pesa ya nyumba anajenga duka, anayekosa ya duka anachimba msingi na kungoja. Huko mashinani kunachimbwa visima, silanga za mifugo, vyoo vya shimo, madarasa, mashimo ya vigingi vya ua. Serikali nayo ina mradi wa LAPSSET uliozinduliwa Lamu mwaka 2012, ambao umeichora Isiolo katikati ya ramani, na ipo pia barabara ya kwenda Modogashe, Wajir hadi Mandera. Kwa kifupi, jembe na tingatinga havipumziki katika kaunti hii. Maoni yangu ni haya: katika sehemu zote zinazopakana na viwanja vya mazoezi ya kijeshi, pasichimbwe hata futi moja kabla ya ardhi kuchunguzwa na mtu anayejua kazi hiyo kutia sahihi.

Wapo watakaosema, "Kwani hapa ni vitani?" Jibu ni kwamba bomu halihitaji vita ili libaki ardhini. Linahitaji mazoezi tu. Archers Post iko kilomita kama 35 kutoka hapa mjini, ng'ambo ya Ewaso Nyiro tu, upande wa Samburu. Kule kuna uwanja mkubwa ambao Jeshi la Uingereza limekuwa likifanyia mazoezi kwa miongo mingi tangu tupate Uhuru, na jeshi letu la Kenya pia huutumia. Upande wa magharibi, tukipita Oldonyiro, twaingia Laikipia penye Dol Dol, ambako nako kulipigwa mizinga. Uwanja wenyewe hauna ukuta. Ng'ombe hawasomi vibao, na mtoto anayewafuata haachi ng'ombe wa baba yake wapotee kwa sababu ya kibao.

Mambo haya yalifika hadi London. Wamaasai na Wasamburu waliojeruhiwa, pamoja na familia za waliouawa na mabomu yaliyoachwa, walimpata wakili Martyn Day wa huko Uingereza, na mwezi wa Julai mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ikakubali kuwalipa pauni milioni 4.5. Walalamishi walikuwa zaidi ya 220. Mkiketi hapo na kuhesabu, hao ni wanafunzi wa vidato vitano au sita vizima. Lakini malipo hayakumaliza hatari. Mwaka 2015 mtoto mmoja mchungaji wa kule Archers Post aliokota kitu asichokijua, kikamlipukia, akapoteza mikono yote miwili. Mwaka 2024 Kamati ya Bunge ya Ulinzi ilikwenda Laikipia na Samburu kusikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya kikosi cha Waingereza, na habari za mabomu zilikuwamo tena. Miaka 22 baada ya malipo!

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Tukisema "bomu la Archers Post" sote twamfikiria mchungaji. Ni sawa, ndiye aliyeumia zaidi hadi leo. Lakini mchungaji huona kitu juu ya ardhi, na akifundishwa anaweza kukipita. Mchimbaji hakioni. Anakikuta kwa ncha ya sururu, kwa nguvu zake zote, akiwa ameinama uso juu yake. Na kadiri mji unavyopanuka kuelekea malishoni, ndivyo mchimbaji anavyomfuata mchungaji mahali pale pale.

Bomu hubakije? Kombora la mota au la mzinga lina kiwashio kwenye pua, ambacho kazi yake ni kulilipua likigonga kitu. Mara nyingine kiwashio hukwama: kombora limeangukia mchanga mwororo, au limegonga kwa pembe mbaya, au lina kasoro ya kiwandani. Kwa mabomu yaliyoangushwa na ndege katika Vita Vikuu vya Pili, wataalamu hukadiria kwamba kama moja kati ya kumi halikulipuka. Kombora la namna hiyo hujizika lenyewe kwa uzito na kasi yake. Kisha mvua inakuja. Mnajua laga zetu zinavyokuja kwa hasira; mwisho wa mwaka 2023, wakati wa El Niño, maji yalibeba mawe makubwa kama meza. Kinachoweza kubeba jiwe kinaweza kubeba kombora na kulifukia mahali pengine kabisa, chini zaidi ya pale lilipoanguka. Nawakumbusha pia kwamba mchanga wa kujengea hutolewa kwenye laga kwa sepetu.

Mwalimu wetu wa Kemia ametufundisha kutu, na wengi wetu tukahitimisha kwamba chuma kikiwa na kutu kimekufa. Kwa bomu si hivyo. Kutu hula ganda na viungo vya kiwashio, lakini baruti ya kijeshi iliyo ndani haiozi kama kuni. Bomu kuukuu laweza kuwa jepesi zaidi kulipuka kuliko jipya, na kwa kuwa limefanana na bomba la kawaida au debe lililobanwa, ni vigumu zaidi kulitambua.

Ushahidi uko Ulaya, na ni ushahidi wa ajabu kwa sababu vita vyao viliisha mwaka 1945. Januari 2014, katika mji wa Euskirchen huko Ujerumani, dereva wa tingatinga alikuwa akishughulika na vifusi, akagusa bomu la vita hivyo, likalipuka, akafa. Bomu hilo lilikuwa limelala karibu miaka 70! Agosti 2017 mafundi wa mjengo huko Frankfurt walikuta bomu la tani 1.8, na watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa kwa siku moja ili lizimwe. Uingereza kwenyewe, Februari 2021, wajenzi karibu na Chuo Kikuu cha Exeter walikuta bomu la kilo 1,000, nyumba zaidi ya 2,600 zikahamwa. Februari 2024 mtu mmoja wa Plymouth alikuwa anachimba msingi wa kuongeza chumba nyumbani kwake, chumba tu jamani, akakuta bomu la kilo 500. Zaidi ya watu 10,000 waliondolewa, bomu likapitishwa barabarani polepole hadi baharini likalipuliwe huko.

Nimeyataja haya si kwa kuwa nawahurumia sana watu wa Frankfurt. Nayataja kwa sababu ya kile wanachofanya kabla ya kuchimba. Katika sehemu za Ujerumani zilizopigwa mabomu sana, kwa mfano mji wa Oranienburg, hupati kibali cha kujenga kabla kiwanja chako hakijathibitishwa kuwa salama. Wanachukua hata picha zilizopigwa na ndege za maadui wao wakati wa vita, wanazitazama kwa makini kutafuta kitundu kidogo kisicho na alama za mlipuko. Nako Uingereza wajenzi wana mwongozo wao tangu mwaka 2009 unaowaeleza hatua kwa hatua namna ya kupima hatari hiyo. Kwa hivyo mjenzi wa Exeter ana mwongozo, na fundi wetu anayechimba jirani ya uwanja ambamo askari wa nchi hiyo hiyo wamepiga mizinga kwa miongo mingi ana nini? Ana jembe na dua.

Uchunguzi wenyewe si uchawi. Unaanza mezani, kwa karatasi. Je, mahali hapa palipigwa mizinga? Lini, silaha gani, kutoka wapi kuelekea wapi? Majeshi huweka kumbukumbu za mazoezi, na kumbukumbu hizo ndizo za kwanza kudaiwa. Kwetu historia haiishii kwa Waingereza wa leo. Mwaka 1940 Waitalia waliteka Moyale, na majeshi ya kikoloni yakapita Isiolo kuelekea Abisinia. Kisha vikaja vita vya shifta katika miaka ya sitini, ambapo mabomu ya kutegwa yalifukiwa barabarani huku kaskazini. Mchunguzi mzuri huyauliza yote hayo kabla ya kuvaa kofia ya chuma.

Halafu anakwenda kuuliza watu, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Kitaalamu hatua hii ni ya kuuliza na kutazama tu, bila kugusa ardhi, na viwango vya Umoja wa Mataifa vya kazi ya kuondoa mabomu vinaitambua rasmi. Kwetu nani anayejua? Si mkandarasi aliyekuja juzi na gari lenye kiyoyozi. Ni mzee wa manyatta ambaye alikatazwa kupeleka ngamia bonde fulani mwaka fulani. Ni mama aliyekuwa akiokota kuni akaona mapua ya chuma yamesimama mchangani. Ni mchungaji wa miaka 12 ambaye anajua kila kichaka kwa jina. Maarifa haya hayako kwenye faili lolote la Nairobi. Lakini mara nyingi mtaalamu akija hukaa na chifu nusu saa, anakunywa soda, anapiga picha, anaondoka. Mimi nasema wachungaji waajiriwe, walipwe kama vibarua wengine wa mradi, watembee na mchunguzi siku nzima. Na waulizwe kwa lugha zao, Kiborana, Kisamburu, Kiturkana, Kisomali, maana ukimuuliza mzee juu ya "vilipuzi" kwa Kiswahili sanifu cha darasani atakuitikia tu kwa heshima.

Baada ya hapo ndipo vyombo vinaingia. Ardhi hugawanywa vipande kwa kamba na vigingi, na mtu aliyefunzwa hupita mstari kwa mstari na kifaa cha kutambua chuma. Kipo pia chombo kiitwacho magnetometa ambacho husikia chuma kilicho chini zaidi. Kila kinacholia huchimbuliwa kwa mkono, pole pole, kutoka ubavuni. Ni kazi inayochosha, maana kifaa hulia hata kwa kizibo cha soda. Mwishoni kiwanja hupewa daraja. Kama hatari ni ndogo, mafunzo ya saa moja kwa vibarua yatosha. Kama ni ya kati, mtaalamu anasimama hapo siku zote za kuchimba. Kama ni kubwa, ardhi husafishwa kwanza, au jengo linahamishwa mita 300 na shida inaisha. Nyinyi mnaosoma Hesabu mtaona kwamba kuhamisha mchoro ni rahisi kuliko kuhamisha jengo.

Afrika wameyafanya haya, tena nchi maskini kuliko sisi. Msumbiji walisafisha mabomu kwenye Reli ya Sena kabla ya kuijenga upya, na Septemba 2015 nchi nzima ikatangazwa kuwa imemaliza mabomu ya kutegwa iliyokuwa ikiyajua. Uganda walitangaza hivyo mwaka 2012, na Rwanda mwaka 2009. Jirani zetu wa Tanzania walipata mtihani wa namna nyingine pale ghala la silaha la Mbagala lilipolipuka tarehe 29 Aprili 2009, na la Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011. Makombora yaliruka yakaangukia nyumba za watu, mengine bila kulipuka, na askari wa JWTZ wakawa na kazi ya kuyakusanya mitaani. Tena hapo jeshi lilikuwa la kwao wenyewe, na mitaa ni ya jiji la Dar es Salaam. Basi tusijidanganye kwamba mambo haya ni ya Wazungu na Wanazi.

Na Kenya hatukosi wataalamu. Embakasi kulifunguliwa mwaka 2005 kituo cha kufundisha kazi ya kuondoa mabomu, kwa ushirikiano wa Kenya na, mtashangaa, Uingereza. Kenya ilitia sahihi Mkataba wa Ottawa wa kupiga marufuku mabomu ya kutegwa mwaka 1997, ikauridhia mwaka 2001, na mwaka 2004 dunia nzima ilikuja Nairobi kuujadili. Twawafundisha watu wa nchi nyingine kusafisha ardhi zao. Mganga hajigangi, lakini hata jirani yake wa Isiolo hamgangi?

Najua mtakavyonijibu. Kwanza, gharama. Mkandarasi atasema uchunguzi utaongeza pesa na miezi. Utaongeza, sikatai. Ila mradi mkubwa tayari unatakiwa na Sheria ya Mazingira ya 1999 ufanyiwe tathmini kabla ya kupewa leseni na NEMA. Huhesabiwa miti, ndege, vumbi na kelele. Ni shida gani kuongeza swali moja kwenye fomu: je, ardhi hii iko karibu na uwanja wa mizinga, na nani ameichunguza? Kama ndege wana ukurasa wao, kibarua naye apewe wake.

Kikubwa zaidi ni miradi midogo, na hapa ndipo roho yangu ilipo. Barabara kubwa ina wahandisi na bima. Lakini darasa la shule ya msingi kule mashinani halina NEMA. Wazazi wanakuja Jumamosi, kila mmoja na jembe lake, wanachimba msingi wa futi 3 huku watoto wamewazunguka wakicheza. Choo cha shimo huenda futi 20. Silanga huchimbwa na kikundi cha akina mama kwa ujira wa chakula. Hawa hawawezi kulipia magnetometa, na wala wasiambiwe walipe. Alipe aliyepiga mzinga. Mkataba wa ulinzi kati ya Kenya na Uingereza hujadiliwa upya kila baada ya miaka kadhaa. Kipengele kimoja kiwepo cha kugharamia uchunguzi wa kila mradi wa jamii ulio jirani na viwanja hivyo. Na jeshi letu lifanye hivyo hivyo kwa upande wake, maana risasi ya Kenya haina uzalendo ikiwa ardhini.

Pingamizi jingine ni kwamba wanajeshi husafisha baada ya kila zoezi. Husafisha, na ni vyema. Lakini husafisha kinachoonekana juu, kwa kuwa wanamfikiria mtu atakayetembea hapo. Ardhi iliyosafishwa kwa ajili ya mbuzi haijasafishwa kwa ajili ya msingi wa ghorofa. Kwa hiyo cheti kiseme wazi: salama hadi futi ngapi?

Tena wapo wanaoogopa kwamba tukizungumza hivi tutawafukuza wawekezaji. Frankfurt wamehamisha watu 60,000 mchana kweupe, na bado ni mji wa mabenki. Mwekezaji hufukuzwa na kitu asichoambiwa.

Kuna jambo dogo nalitaja kwa haraka, juu ya skrepu. Vijana wengi huokota vyuma chakavu na kuuza kwa kilo. Ganda la kombora ni zito, lina shaba, lina bei. Nawasihi, chochote chenye umbo la chupa au samaki, chenye mapezi au pua, usikiguse, usikirushie mawe, usikiwekee moto. Weka alama mbali nacho, rudi kwa njia ile ile uliyojia, kamwambie chifu au polisi.

Nimalizie na ombi kwa wenzangu. Kidato cha Tatu tunasoma ramani za Jiografia, zile za kipimo cha 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilomita 1. Likizo ya Agosti ikifika, wale wenye jamaa Oldonyiro, Kipsing, Archers Post na kandokando ya Ewaso Nyiro, keti na wazee jioni na uwaulize ni wapi waliwahi kuona vyuma hivyo, mwaka gani, baada ya mvua gani. Usiende kutazama mwenyewe! Andika tu jina la laga au kilima kama wanavyokiita wao, hata kama ramani ya serikali inakiita vingine. Tukirudi muhula wa tatu tutayatia yote kwenye ramani moja kwa penseli, walimu wetu watusaidie kutoa nakala tatu: moja kwa ofisi ya kaunti inayopitisha michoro ya majengo, moja kwa NEMA, na moja kwa kambi ya jeshi hapa mjini. Mimi nimeshaanza na majina manne kutoka kwa babu yangu. Mawili kati ya hayo ni mahali ambapo watu wameshapima viwanja na kusimamisha vigingi.